Marehemu Wangu na Filamu ya Saa Tatu

Kama wiki iliyopita ulifungia sabuni ukurasa huu wa gazeti kabla hujausoma, sikulaumu, lakini pia sikuachi njiani.

Mimi ni fundi wa meno bandia, umri miaka sitini na moja. Nafanya kazi chumba cha nyuma cha zahanati ya meno. Daktari anachukua vipimo vya midomo ya watu kule mbele, mimi huku nyuma nayatengeneza meno kwa nta, plasta na waya. Mtaani wananiita Mama Meno.

Nilikuwa na mume, kinyozi, mwenye mwanya wa meno ya juu. Mwanya huo ndio ulionioa, yeye alifuata tu. Alipoteleza bafuni akavunja meno yote ya mbele, nilimtengenezea mengine, na mwanya nikauweka pale pale, kwa kipimo kile kile. Miaka tisa iliyopita alitoka asubuhi na begi dogo. Hakuaga na hajarudi.

Nikahama mji. Siku ya kwanza huku, mwenye nyumba akaniuliza, "Na baba yuko wapi?" Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Amefariki." Akauliza, "Maskini, kwa ugonjwa gani?" Nikasema, "Moyo." Jioni hiyo majirani wakaja kunipa pole, nami nikazipokea kwa mikono miwili, na chozi juu.

Kwa hiyo nimekuwa mjane wa mtu ambaye huenda hivi sasa anakunywa chai mahali fulani na kuilalamikia sukari. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mimi ni muuaji wa mdomo. Ahsante. Jina limenikaa.

Wiki iliyopita tuliachana Fundi Saa akiwa amesimama mlangoni kwangu na tiketi mbili za sinema.

Fundi Saa ni mgane, ana duka dogo la kutengeneza saa, linatazamana na zahanati yetu. Miaka miwili iliyopita alinijia na meno saba yanayocheza. Daktari akayang'oa, nami nikamtengenezea seti ya juu na kipande cha chini chenye vibano vya waya. Alipoyavaa akajitazama kwenye kioo, akacheka. Tangu siku hiyo, saa ya chai nimekuwa nikivuka barabara na kikombe changu kwenda kukaa kwenye benchi lake.

"Twende Jumatano," akaniambia pale mlangoni. "Filamu inahusu uzee, tutaielewa. Halafu ikiisha nina swali nataka kukuuliza."

Mtu wa miaka sitini na sita ana swali gani la kumuuliza mjane baada ya sinema? Usinifanye mtoto. Nilijua. Nilipiga pasi gauni lile lile mara mbili.

Nikajua pia kwamba kabla ya kujibu swali hilo itabidi niseme ukweli. Huwezi kumkubali mume wa pili wakati wa kwanza umemzika kwa maneno matupu. Nikajiapiza: filamu ikiisha, kabla hajafungua mdomo, nafungua wangu.

Sasa tuingie ukumbini.

Jumatano mchana ukumbi ule ni wa wazee. Ungepita juu ya safu za viti ungeona vipara, vitambaa vya kichwa na fimbo zimelala njiani. Fundi Saa alibeba bisi, mimi nikabeba sweta, tukakaa safu ya tisa.

Filamu inaitwa Mbeba Miaka. Ina saa tatu na dakika kumi na mbili, nami kwa umri wangu nahesabu dakika kwa kibofu.

Habari yenyewe ni hii. Mfinyanzi mmoja anampenda mkewe kupita kiasi. Anakutana na bibi mwenye mizani, na bibi huyo ana uwezo wa kuhamisha miaka kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Mfinyanzi anamwomba kitu kimoja: kila mwaka, ule mwaka wa mke wangu unipe mimi niubebe. Mkewe haambiwi. Basi mke anabaki na miaka thelathini, na mume anazeeka miaka miwili kwa mmoja.

Saa ya kwanza nimeipenda, sitasema uongo, huo nilishausema wa kutosha. Mke anaona mumewe anaota mvi, anadhani ni ugonjwa. Anamchemshia majani, anamfunga mgongo kwa kitambaa cha moto, anamkataza kunyanyua udongo. Mume anakubali kila dawa na kufumba macho, kwa sababu aseme nini?

Lakini meno! Jamani, meno!

Mfinyanzi kafika miaka themanini. Wamempaka mikunjo, wamemtetemesha mikono, wamempinda mgongo hadi unaona huruma. Kisha anafungua mdomo, na ndani mna meno thelathini na mawili ya bwana harusi.

"Hii haiwezekani," nikamnong'oneza Fundi Saa. "Meno ya mzee husagika. Yanakuwa mafupi. Mdomo unaingia ndani, pua na kidevu vinaanza kutafutana."

"Sshh."

"Mfinyanzi ana jino la juu jeupe hivyo? Anakula nini, maziwa tu?"

"Umekuja kuangalia filamu au kupima wateja?"

Nyuma yetu kuna mama akakohoa kile kikohozi cha kukutaka unyamaze. Nikanyamaza.

Ikafika sehemu ya ngazi. Mzee mfinyanzi anataka kumwonyesha mkewe kwamba bado ana nguvu, anapanda ngazi kuziba paa, suruali inabaki kwenye msumari, yeye anaendelea kupanda. Ukumbi mzima ukacheka. Mchana wa kwenye filamu ulikuwa mkali, mwanga ukatumwagikia sote, na safu ya tano mwanamume mmoja akamgeukia jirani yake huku anacheka.

Nikaona mwanya.

Simaanishi mwanya wowote tu. Mimi nimetengeneza meno kwa miaka thelathini na minne, najua vipimo vya kazi yangu kama mama anavyojua mlio wa mtoto wake. Ulikuwa ule ule, milimita mbili kasoro kidogo, umeegemea kushoto. Hakuna mwanadamu aliyewahi kumtengenezea mtu mwanya ule isipokuwa mimi, na nilimtengenezea mtu mmoja tu.

Marehemu wangu alikuwa ameketi safu ya tano, anakula bisi.

Nakwambia filamu ilikufa hapo hapo. Kwa robo saa nzima sikuona kitu. Wanasema kuna tukio la ndege anayezungumza, kila mtu kalisifu, mimi silijui. Nilikuwa natazama kisogo. Masikio yalikuwa yake. Shingo ilikuwa imekonda, lakini na mimi nimekonda.

"Unatetemeka," Fundi Saa akasema.

"Baridi."

Akanifunika sweta. Mkono wake ukabaki begani kwangu kidogo, halafu akauondoa kwa adabu. Nikatamani kulia, na sikujua namlilia nani kati yao.

Taa zikawaka kwa mapumziko.

"Nishikie mkoba," nikasema.

"Unakwenda wapi?"

"Msalani."

Msala ulikuwa nyuma, mimi nikashuka mbele. Miguu ilinibeba yenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia kwa miaka tisa, nimeyapanga wakati nasugua meno ya watu: ya ukali kwanza, kisha ya uchungu, kisha yale ambayo nisingeweza kuyasema. Nilipofika safu ya tano yote yakawa yametoroka, likabaki moja.

"Wewe," nikasema.

Kisogo kikageuka.

"Mama Meno!" Alikuwa mzee mmoja aliyestaafu posta, mteja wangu wa mwaka juzi. "Mke wangu, mwone aliyenirudishia mdomo! Tangu uniwekee haya, mama, nala hadi mahindi ya kuchoma."

Akacheka. Mwanya wa mume wangu ukanitazama kutoka usoni mwa mtu wa posta.

Mkewe naye akainuka kunisalimia. Naye nilimtengenezea. Akatabasamu, mwanya.

"Mwanya huo," nikauliza, na sauti haikuwa yangu, "ulikuwa nao tangu usichana?"

"Sikuwa nao!" akasema kwa furaha. "Watoto wakaniuliza, mama umepata wapi mwanya uzeeni? Nikawaambia nyamazeni, ndivyo yanavyotengenezwa siku hizi. Nimekuwa mrembo baada ya kumaliza kazi zote!"

Wakacheka wote wawili. Mama wa safu ya mbele akageuka kuona kuna nini, na yeye pia namjua, meno ya juu na ya chini, mwaka jana mwezi wa tatu. Akacheka kwa kuwa wengine wanacheka. Mwanya.

Nikashika kiti.

Hebu nikueleze ninavyofanya kazi, maana hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo asiye fundi wa meno hawezi kulifanya hata akitaka.

Mtu akikosa meno yote, hujui yalikaaje. Kwa hiyo namwambia aniletee picha aliyopigwa zamani akiwa anacheka. Naiweka mbele yangu, napanga meno kwenye nta nikiifuata. Tatizo ni kwamba wengi hawana. Wananiletea picha ya kitambulisho, mdomo umefungwa. Ungeshangaa ni watu wangapi wamefika uzeeni bila mtu hata mmoja kuwapiga picha wakicheka.

Hao wasio na picha, fundi anawapangia kwa kutazama taya la plasta la mfano. Kila fundi ana lake kwenye rafu. Na langu, mbele ya macho yangu, chini ya ile taa ya kuinama, ni taya la mume wangu. Lile nililotumia kumtengenezea yake.

Sikuliweka pale kwa hila. Nilipohama nilifungua masanduku, nikalikuta limefungwa kwenye gazeti, nikaliweka rafuni kwa kuwa halikuwa na pa kwenda. Likazoea. Mimi nikalizoea. Nikifika asubuhi naliamkia. Nikiondoka naliaga. Chumba changu cha kulala kina kiti kimoja na kikombe kimoja, msomaji, na kwa miaka minane lile taya ndilo mtu pekee niliyekuwa nikimweleza siku yangu ilivyokwenda.

Daktari aliwahi kuniuliza, "Mama, mbona wagonjwa wetu wanatoka na mwanya?" Nikamjibu kwamba nta husinyaa kidogo. Akaniamini. Na mimi nikajiamini, hilo ndilo baya zaidi.

Nimewagawia wapweke wote wa mji huu kicheko cha mtu aliyenikimbia.

Nikapanda kurudi safu ya tisa huku napishana na watu. Muuza soda wa mlangoni, mwanya. Sikutaka hata kuhesabu.

"Kulikuwa na foleni?" Fundi Saa akauliza. Kisha akaniona uso, akataka kunichangamsha. "Au umekwenda kumkagua yule mwigizaji meno?"

Akacheka kwa utani wake mwenyewe.

Sikuwa nimeutazama mwanya wake kabla ya hapo. Naapa. Niliutengeneza kwa mikono yangu, nikauona kila siku kwenye chai, nikaufurahia, nikauvukia barabara na kikombe mkononi. Lakini sikuutazama. Naye alikuja na picha ya kitambulisho, mdomo umefungwa.

Taa zikazimwa.

Nikakaa gizani nikijiuliza swali ambalo hata adui yangu simwombei. Huyu mtu kando yangu nampenda, au nayapenda meno? Kama nilikuwa navuka barabara miaka miwili kumfuata mume wangu katika mdomo wa mwenzake, basi huyu mwanamume mwema amekuwa akinywa chai peke yake.

Nusu ya pili ya filamu niliiona kwa macho yote mawili, maana sasa nilikuwa nimevunjika na mtu aliyevunjika huwa mtazamaji mzuri.

Mke anagundua. Anamkuta mumewe kwa yule bibi wa mizani, amekuja kuchukua mwaka mwingine, hawezi hata kusimama. Mimi nilitegemea amwangukie miguuni, amshukuru. Hapana. Anamsukuma bibi, anaimwaga mizani chini, anamshika mumewe mabega.

Anasema: "Nani alikupa ruhusa? Ule uzee ulikuwa wangu. Nilikuwa nikiungoja nizeeke na wewe, umeula wote peke yako."

Nililia hadi mama wa kikohozi akaninyooshea kitambaa kutoka nyuma.

Mwisho wake ni mrefu. Bibi anakubali kuwasawazisha kwa siku moja tu, kila mmoja abebe miaka yake mwenyewe. Wanakaa nje ya nyumba yao, wote wazee, wanakunywa uji kwenye vyungu vyao wenyewe. Mke anaitazama mikono yake yenye mikunjo na anacheka, anaigeuza huku na huku kama aliyenunuliwa bangili. Jua linazama polepole, polepole mno, dakika kumi na moja nzima bila neno.

Kwenye mapumziko ungeniuliza ningekwambia wakate saa nzima. Sasa nakwambia wasikate hata dakika. Wambadilishe meno tu yule mwigizaji.

Watu wakatoka. Sisi tukakaa kwenye viti vya ukumbi wa nje, chini ya mabango, tukingoja miguu ipate damu. Mfagiaji alikuwa ameanza upande wa mbali, anasukuma bisi.

"Haya," Fundi Saa akasema. "Umemwonaje yule bwana?"

"Mwizi."

"Mwizi?" Akashtuka kuliko nilivyotegemea. "Si alifanya kwa mapenzi?"

"Alimwamulia mwenzake maisha bila kumuuliza. Uzuri wa moyo hauondoi wizi."

"Labda aliogopa."

"Aliogopa nini?"

"Kumpoteza." Akawa anaikunja tiketi yake, anaikunjua. "Mtu akiogopa kumpoteza mwenzake anaweza kufanya jambo la kijinga kwa haraka, halafu asijue namna ya kulirudisha."

Sikumsikiliza vizuri. Ningemsikiliza vizuri, yaliyofuata yasingenikuta nimekaa vile. Nilikuwa nakusanya ujasiri wangu.

"Fundi," nikasema. "Kabla hujauliza swali lako, mimi nina la kusema. Mume wangu hakufa."

Akaacha kuikunja tiketi.

"Aliondoka tu. Sijui kama yu hai au la, lakini sina habari yoyote ya kifo chake. Nilidanganya. Niliona aibu kuwa mtu aliyeachwa, nikaona heri niwe mtu aliyefiwa. Na si hilo tu. Meno yako." Hapo nikaanza kulia tena. "Meno yako ni yake. Niliyapanga kwa taya lake. Ya kwako, ya mzee wa posta, ya nusu ya ukumbi ule. Sikujua. Na sasa sijui ninapokuona ukicheka namwona nani."

Nikategemea ainuke. Nikategemea anisute, na ningestahili. Fundi Saa akatoa leso mfukoni, akaitandaza gotini. Akageuka upande kidogo, kwa heshima, akatia vidole mdomoni. Akatoa seti ya juu. Akatoa kipande cha chini chenye waya. Akaviweka kwenye leso, akavifunika pembe moja baada ya nyingine, akanigeukia.

Mdomo ulikuwa umeingia ndani. Pua na kidevu vilikuwa vinatafutana. Alikuwa mzee, mzee wa kweli, asiye na mtu mwingine yeyote ndani yake.

"Sasa nitazame mimi," akasema. Maneno yalitoka yamepwaya, lakini niliyasikia yote.

Nikamtazama. Na hapo, msomaji, nikapata jibu la lile swali la gizani. Moyo wangu haukwenda popote. Ulibaki pale pale, mbele ya fizi tupu za juu. Nikasema moyoni, alhamdulillah, huyu ni wake mwenyewe.

Nikanyoosha mkono kuushika wa kwake. Akaukwepesha.

"Bado," akasema. "Kwamba hakufa, najua."

"Unajua nini?"

"Jumatatu aliingia dukani kwangu mtu na saa ya mkono iliyosimama. Mrefu, amekonda, begi dogo. Nikaifungua saa, nikamtania kwamba ina vumbi la miaka kumi. Akacheka." Akagusa leso pale gotini. "Nikaona mdomo wangu usoni mwa mtu mwingine."

Kule mbali ufagio uliendelea kukwaruza sakafu.

"Na mimi nilikuwa nacheka. Naye akauona wa kwake kwangu. Tukatazamana kama watu waliokutana wamevaa shati moja. Halafu akaniuliza: nani amekutengenezea meno hayo?"

"Fundi, usiniambie."

"Alisema amekutafuta miji mitatu."

Akatia mkono mfuko wa koti, akatoa saa, akaiweka kiganjani mwangu. Kioo kilikuwa na mchubuko nisioujua. Lakini kichuma cha kufungia mkanda niliujua waya wake. Ulikuwa waya wa meno, nilikuwa nimeusokota mwenyewe jikoni kwetu, jioni moja alipolalamika kwamba mkanda unamfunguka akiwa ananyoa watu.

Saa ilikuwa inakwenda.

"Wewe ulimjibu nini?" nikauliza.

Akaipapasa leso gotini.

"Alikuuliza nani amekutengenezea meno. Wewe ukamjibu nini?"

"Nilikuwa nimeshanunua tiketi," Fundi Saa akasema. "Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukuambia leo. Mdomo ukanitangulia. Nikamwambia fundi aliyeyatengeneza alishafariki."

Nilisikia vizuri, lakini nikauliza swali ambalo kila mtu huuliza. Hata mimi niliulizwa.

"Kwa ugonjwa gani?"

"Moyo," akasema, akainamisha kichwa.

Hasira ilinipanda kutoka kwenye nyayo. Nilisikia sauti ya yule mwanamke wa filamu ikitoka kinywani mwangu, hata watu waliokuwa mlangoni wakageuka. "Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna."

"Mimi nimekaa pale ng'ambo ya barabara! Hatua thelathini!"

"Najua. Nilikuona dirishani, umeinama kwenye taa yako, wakati yeye analia kwenye benchi langu. Pale pale unapokaa wewe na chai."

Nikajiona nalia tena, na safari hii nilijua namlilia nani. Nilimlilia yule mtu wa begi dogo, ambaye nilimuua bila kumuuliza, na ambaye sasa alikuwa anabeba kifo changu kutoka chumba kimoja cha kupanga hadi kingine. Tulikuwa tumezikana, mimi naye, na kila mmoja amepokea pole kwa watu wasiojua.

"Yuko wapi sasa?"

"Sikumuuliza anapofikia. Sikutaka kujua." Fundi Saa akaifungua leso, akaifunga tena bila kuvaa kitu. "Lakini atarudi. Niliizuia saa yake, nikamwambia itakuwa tayari Alhamisi, saa nne asubuhi."

"Alhamisi ni kesho."

"Ni kesho. Na si saa tu anayoifuata." Akaitazama saa kiganjani mwangu. "Aliponyanyuka aliniomba kitu kimoja, nami nilishindwa kumkatalia mtu anayelia kwa mdomo wangu. Alitaka kuona kaburi lako. Nikamuahidi kumpeleka."

Mfagiaji alikuwa ameshatufikia. Tukanyanyua miguu wote wawili, akapita chini yetu, tukaishusha.

"Swali langu la baada ya filamu sasa ni hili, mama," akasema. "Kesho saa nne, nimpeleke wapi?"